Nyumba Haiuziki? Tafuta Tatizo Kabla Hujashusha Bei

Nilipaka rangi nyumba za Tanga kwa miaka mingi kabla watu hawajaanza kuniita kwa kazi nyingine: kuja kuangalia nyumba inayouzwa na kuwaambia kwa nini haiuziki. Simu zinafanana. "Fundi, watu wanakuja, wanazunguka vyumba vyote, wanasema tutarudi, hawarudi. Nibadilishe dalali au nishushe bei?" Huwa nawaomba wasifanye lolote kati ya hayo mpaka nifike. Nimeshuhudia mtu akipunguza milioni kadhaa kwa ajili ya harufu iliyokuwa ikitoka kwenye tundu la bafuni lililokauka maji. Kopo moja la maji lingeimaliza.

Nimepanga maelezo haya kwa dalili, yaani kile wanachokifanya wanunuzi wakifika au unachokiona mwenyewe ukutani. Chini ya kila dalili nimeanza na sababu ninayoikuta mara nyingi zaidi, kisha zile za nadra. Anza na ukaguzi usio na gharama. Palipoandikwa SIMAMA, weka vifaa chini umwite mtaalamu.

Na nalisema hili mapema kwa sababu linagusa kila kipengele: kwenye mji wetu wa pwani mnunuzi anatafuta nyumba kavu, yenye hewa na mwanga. Mapazia mapya, maua na mito ya sofa vinamfurahisha baada ya hayo matatu kutimia. Vikitangulia, pesa yako imepotea.

Dalili: Tangazo limekaa wiki kadhaa, simu hazilii

Sababu ya kwanza ni picha. Nafungua simu ya mwenye nyumba nakuta picha zilizopigwa usiku kwa taa moja, kitanda hakijatandikwa, ndoo na madumu mlangoni, na kidole cha mpigaji kwenye pembe. Mtu aliyeko Dar es Salaam au Arusha hawezi kupanda basi kwa picha hizo.

Rudia picha mchana. Nyumba inayotazama mashariki ipige uso wake asubuhi, inayotazama magharibi isubiri alasiri. Jua likiwa nyuma ya nyumba, uso wote unatoka mweusi. Ndani, fungua madirisha na mapazia yote na uwashe taa zote hata kama ni saa nne asubuhi. Simama kwenye kona ya chumba, simu ikiwa imelala upande, usawa wa kifua. Futa kioo cha kamera kwanza kwa kitambaa safi. Mafuta ya vidole ndiyo yanayoleta ule ukungu kwenye picha. Usitumie zile hila za simu zinazovuta chumba kikaonekana ukumbi wa harusi, kwa kuwa mtu akifika akakuta tofauti ataanza kutilia shaka hata hati yako.

Sababu ya pili ni maneno ya tangazo. "Nyumba nzuri inauzwa, ipo pazuri" haimwambii mtu kitu. Taja mtaa, vyumba vingapi, ukubwa wa kiwanja, umbali mpaka barabara ya lami, maji ya bomba yapo au hayapo, na aina ya umiliki ulio nao. Sababu ya tatu ndiyo bei. Ijadili baada ya hizo mbili kurekebishwa.

Dalili: Wanaingia, wanakunja uso, wanamaliza kwa dakika tano

Hapo ni harufu. Na ugumu wake ni kwamba anayeishi ndani haisikii tena. Toka, tembea nusu saa, rudi uingie huku umefumba mdomo, uvute pumzi ya kwanza kwa pua. Pumzi hiyo moja ndiyo anayoivuta mnunuzi. Au mwombe jirani asiyekuogopa.

Makorora niliitwa na mama mmoja aliyekuwa anauza nyumba aliyojenga na marehemu mumewe. Nilipofika barazani udi ulikuwa umetangulia mpaka njiani. Nikamwamkia, nikamuuliza kama kuna shughuli. "Hapana mwanangu, wanunuzi wanakuja saa nne, nimefukiza tangu alfajiri." Nikamwambia, "Mama, ndiyo maana hawarudi. Wanajiuliza unafunika nini." Tukafungua madirisha siku mbili bila kufukiza chochote. Harufu yenyewe ikajitokeza: kinyesi cha popo kwenye dari la chumba cha nyuma.

Tafuta kwa mpangilio huu:

1. Hewa iliyofungiwa. Vyumba visivyolaliwa, magodoro, mazulia na nguo zilizorundikwa. Toa vyote juani, fungua madirisha kuanzia asubuhi mpaka jioni kwa siku tatu mfululizo. Nyumba nyingi zinapona hapa hapa.

2. Matundu ya maji bafuni na chooni. Chini ya tundu kuna kona ya bomba inayobaki na maji, na maji hayo ndiyo yanayozuia harufu ya karo isipande. Bafu lisipotumika wiki kadhaa kwenye joto letu, maji yanakauka. Mwagia kopo la maji kila tundu, subiri saa moja, nusa tena.

3. Jikoni. Mafuta ya samaki yaliyoganda ukutani na juu ya kabati. Maji ya moto, sabuni ya unga na brashi. Ukipaka rangi juu ya mafuta, rangi haishiki.

4. Popo. Wakati wa magharibi simama nje uangalie pembe za bati. Ukiwaona wanatoka mmoja mmoja, umepata mlango wao. Ziba usiku wakiwa wameshatoka, baada ya kuhakikisha hakuna vitoto vilivyobaki ndani, maana vikifia humo umebadilisha harufu moja kwa nyingine mbaya zaidi. Kinyesi kikavu usikifagie hivi hivi. Kinyunyizie maji kwanza, vaa barakoa na glavu, kwa sababu vumbi lake linadhuru mapafu.

5. Unyevu wa ukuta. Huo una sehemu yake hapa chini.

SIMAMA: Harufu ikiwa inatoka kwenye shimo la choo au karo lililojaa, ita gari la kunyonya majitaka. Mtu asishuke shimoni kwa sababu yoyote ile, hata kuokota ndoo. Hewa ya mle ndani inaua haraka, na anayeshuka kumwokoa wa kwanza huwa wa pili.

Dalili: Wanapapasa ukuta, kisha wanatazama kiganja

Mnunuzi aliyekulia pwani hana haja ya vipimo. Anapitisha kiganja ukutani usawa wa goti, akikiinua kina unga mweupe anajua nyumba inatoa chumvi. Hili ndilo tatizo ninaloliona kuliko mengine yote Tanga, kuanzia nyumba za zamani za Ngamiani mpaka zilizojengwa juzi upande wa Sahare, na ndilo linalotibiwa vibaya zaidi.

Nami nilikuwa nalitibu vibaya. Mwaka wangu wa pili kazini nilipewa nyumba Chumbageni, ukuta wa sebule umebabuka chini. Nikakwangua, nikapiga wolputi ya kulainisha ukuta, nikapaka rangi ya mafuta mikono miwili, yaani tabaka mbili. Iling'aa. Masika yalipoingia rangi ile ikavimba kama malengelenge, na ukiyabonyeza yanatoa maji. Mwenye nyumba alikuwa ameshapokea malipo ya awali ya mnunuzi, na mnunuzi akaja kuyadai. Rangi ya mafuta ilikuwa imeyafungia maji ndani ya ukuta, nayo hayana njia isipokuwa kusukuma rangi. Tangu siku hiyo sigusi brashi kabla sijajua maji yanatoka wapi.

Kwa hiyo kwanza angalia doa limekaa wapi.

Doa la chini, linaloanzia sakafuni na kuishia mahali fulani chini ya kiuno likiwa na mstari kama alama ya maji kujaa: unyevu unapanda kutoka ardhini. Sababu ya kawaida kabisa ipo nje. Udongo au bustani ya maua imejazwa mpaka imepita kiwango cha sakafu, au bati halina mifereji na maji ya mvua yanadondoka miguuni mwa ukuta. Sababu inayofuata ni nyumba kutowekewa nailoni ya kuzuia unyevu juu ya msingi, jambo la kawaida kwa nyumba kongwe.

Chumvi iliyotapakaa kila mahali, juu na chini, hata kwenye kuta za katikati: mchanga. Nyumba imepigwa lipu, au matofali yamefyatuliwa, kwa mchanga wa pwani usiosafishwa. Fundi mzee aliyenifundisha kazi alikuwa anachukua punje za mchanga akaziweka ulimini kabla lori halijashusha. Zikiwa na chumvi, lori linageuza.

Doa kwenye ukuta mmoja tu wa nje, linaloongezeka msimu wa masika: mvua inayosukumwa na upepo inapenya kwenye nyufa ndogo za lipu au pembeni mwa fremu za madirisha.

Doa la juu, karibu na dari: bati, nalo lina sehemu yake.

Doa moja la mviringo lisilojali msimu: bomba. Funga koki zote ndani ya nyumba, nenda kwenye mita ya maji uitazame kwa dakika kumi na tano. Ikizunguka wakati hakuna anayetumia maji, kuna mahali panavuja.

Ukungu mweusi nyuma ya kabati na kwenye pembe za chumba: hewa haizunguki. Vuta kabati upana wa kiganja kutoka ukutani na uache dirisha wazi.

Ukishindwa kutofautisha unyevu wa ukuta na ule wa hewa, chukua kipande cha nailoni ngumu inayoonyesha ndani, kama sentimita 40 kwa 40, kibandike ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne hewa isipite. Kiache siku mbili. Matone yakiwa upande wa ukuta, maji yanatoka ukutani. Yakiwa upande wa chumbani, tatizo ni hewa ya chumba, na dirisha litakusaidia kuliko fundi.

Tiba sasa. Anza nje: ondoa udongo mpaka uwe chini ya sakafu kwa angalau sentimita 15, weka mteremko unaopeleka maji mbali na nyumba, funga mifereji kwenye bati. Kisha subiri. Ndani, piga chumvi kwa brashi kavu, uifagie uitupe nje. Wengi wanaiosha kwa maji. Maji yanaiyeyusha, inarudi ndani ya ukuta, na ukikauka inatoka tena.

Lipu iliyobabuka bandua yote, na upite sentimita 30 juu ya doa. Acha ukuta wazi ukauke. Kwenye ukuta mnene hiyo ni kazi ya wiki nyingi, na msimu wa kiangazi ndio wake. Kama nyumba ni ya mawe ya matumbawe, usirudishie lipu ngumu ya saruji tupu. Saruji inaziba, unyevu unapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea. Tumia lipu ya chokaa, ambayo inaruhusu ukuta kupumua, na chokaa inachomwa huku huku kwetu, Amboni. Ukitaka ushahidi nenda Tongoni, kusini mwa mji, ukatazame kuta za ule msikiti na makaburi: matumbawe na chokaa, karne kwa karne, pembeni ya bahari.

Lipu mpya ya saruji iache siku 28 kabla ya rangi. Ukimaliza paka rangi ya maji au chokaa, usipake ya mafuta. Najua mwenye nyumba ana haraka. Lakini ni afadhali kumwonyesha mnunuzi ukuta uliobanduliwa na kumweleza unachofanya kuliko kumwonyesha rangi itakayokuumbua kabla hajamaliza kulipa.

SIMAMA: Zege likidondoka mapande kwenye nguzo, lenta au zege la juu na nondo zenye kutu zikaonekana, hilo limeshatoka mikononi mwa fundi rangi na fundi lipu. Kutu inavimba na kupasua zege kutoka ndani. Ita mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Simama pia kabla hujapiga msasa mkavu kwenye rangi kuukuu sana ya milango na madirisha: rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Lowesha kwanza, watoto wasiwepo, na kazi ikiwa kubwa mpe anayejua kujikinga.

Dalili: "Nyumba nzuri, ila ndogo," au "ina giza"

Mara nyingi nyumba si ndogo. Imejaa.

Nyumba zetu za Kiswahili zina ukumbi mrefu katikati, vyumba kulia na kushoto, uani nyuma. Ukumbi ule ndio uti wa mgongo wa nyumba. Mlango wa mbele ukiwa wazi na wa uani ukiwa wazi, upepo wa bahari unapita kama maji kwenye mfereji. Sasa ndani yake utakuta friji mbovu, baiskeli, magunia, kabati la vyombo na cherehani. Mnunuzi anapita ubavu ubavu, na akilini mwake nyumba imeshapungua.

Ondoa kila kisichotumika wiki hii. Peleka kwa ndugu, uza, au panga vizuri kwenye chumba kimoja ukiseme wazi kuwa ni stoo. Kila chumba kionekane kina kazi moja: chumba cha kulala kiwe na kitanda kimoja kilichotandikwa shuka safi, na njia ya kukizunguka. Barazani weka viti viwili au mkeka, basi. Uani ondoa madumu, kausha madimbwi, fagia chini ya mwarobaini, hamisha kuku kwa muda.

Kwa giza, sababu ya kwanza ni wavu wa mbu. Watu hawaamini mpaka niutoe. Wavu wa dirisha uliokaa miaka bila kuoshwa umejaa vumbi na chumvi, na unakula mwanga mwingi ajabu. Uondoe, uoshe kwa sabuni na brashi laini, urudishe. Kisha mapazia mazito yapishe mepesi. Kisha balbu, zote za rangi moja, kwani chumba chenye taa ya njano na nyingine ya bluu kinaonekana kimechoka. Mti uliofunika dirisha pogoa matawi, usiukate, kwa sababu kivuli Tanga kina thamani yake. Mwisho ndiyo rangi: nyeupe iliyovunjwa kidogo, au krimu, nyumba nzima rangi moja. Zambarau ya chumba cha binti na kijani cha sebule vinamfanya mnunuzi aanze kuhesabu ndoo za rangi.

Naulizwa sana kuhusu picha za familia na aya zilizotundikwa. Wapo wanaoshauri nyumba ifutwe kila alama ya mwenyewe. Mimi sikubaliani nao kwa mji huu. Ukuta wenye picha thelathini upunguze, ndiyo, lakini nyumba iliyofutwa kabisa inaonekana imekimbiwa. Acha aya moja sebuleni na picha moja au mbili. Mnunuzi anapenda kujua kwamba watu waliishi hapa kwa amani.

Pia tafadhali usikimbilie kuweka vigae juu ya sakafu nyekundu ya saruji. Ioshe, jaza mashimo, ipake nta, isugue kwa kifuu cha nazi au brashi mpaka itoe mng'aro. Nimeona watu wakiikanyaga pekupeku na kutabasamu. Vivyo hivyo milango ya mbao ngumu: usiipake rangi. Msasa mwepesi na vanishi, na bawaba uzipe mafuta zisilie.

Dalili: Wanakupa bei ya kutupa, wakitaja paa, nyufa au mchwa

Hapa mnunuzi amekuja na fundi wake, na fundi wake amepata cha kusema. Mtangulie.

Paa. Panda na mtu darini mchana jua kali, zima tochi, tazama juu. Kila nukta ya mwanga ni tundu. Karibu na bahari kutu inaanzia kwenye misumari na kwenye maungio ya mabati. Sababu ya mara kwa mara ni msumari uliolegea au mpira wake kuisha: ng'oa, weka mpya wenye mpira. Tundu dogo linazibika kwa bitumini na kitambaa. Bati lililooza robo au zaidi libadilishe, kwani kiraka juu ya kutu hakimalizi hata masika moja. Doa la dari lipake baada ya mvua kubwa moja kupita bila kuvuja, na si kabla.

SIMAMA: Paa la zamani la mabati ya kijivu yanayofanana na saruji linaweza kuwa la asbesto. Usilikate, usilitoboe, usilisugue kwa brashi, usilivunje ili uliuze. Nyuzi zake zikivutwa zinaleta saratani ya mapafu miaka mingi baadaye. Mwambie mnunuzi ukweli, na kuliondoa waachie waliofundishwa kazi hiyo.

Nyufa. Ufa mwembamba kama unywele kwenye lipu ni wa lipu yenyewe kukauka. Fungua kidogo, jaza, paka. Ufa wa mshazari kutoka kona ya dirisha unahitaji kuangaliwa. Weka alama ya penseli kwenye ncha zake mbili, andika tarehe, na pandika donge dogo la saruji katikati likiwa limeshika pande zote mbili. Donge likipasuka ndani ya mwezi, nyumba inatembea.

SIMAMA: Ufa unaopanda kama ngazi kufuata matofali, unaopitisha ncha ya kidole, unaoonekana ndani na nje mahali pale pale, au uliofanya mlango usifunge: usiujaze. Kuujaza ni kumficha mnunuzi na kumnyima mhandisi dalili anayoihitaji.

Mchwa. Tafuta vijia vya udongo kwenye kuta, fremu na nguzo za dari. Choma fremu kwa bisibisi. Ikizama kama kwenye mkate, mbao imeliwa. Vunja kijia kimoja, rudi baada ya siku chache. Kikiwa kimejengwa upya wapo. Mbao chache badilisha. Ukiwakuta kwenye kenchi za paa, ita watu wa dawa na seremala kabla mtu hajapanda juu.

Dalili: Wanawasha swichi na kufungua koki, kisha wananyamaza

Badilisha balbu zilizoungua, funika swichi zilizovunjika, badilisha mipira ya ndani ya koki zinazodondosha. Mvua ya bafu inayotoka kwa machozi mara nyingi imezibwa na chumvi ya maji; iloweke kwenye siki usiku mmoja. Presha ikiwa ndogo nyumba nzima, angalia kama tangi limekaa juu vya kutosha na kama koki kuu imefunguliwa yote.

SIMAMA: Soketi yenye doa jeusi, harufu ya plastiki iliyoungua, taa zinazofifia friji likiwaka, au chombo kinachokupiga shoti: zima umeme kwenye swichi kuu na uite fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji. Mita ya LUKU na waya unaotoka kwenye nguzo ni mali ya TANESCO. Usiuguse wewe wala fundi wako.

Dalili: Wamekubali bei, wameshikana mikono nawe, kisha kimya

Nyumba imependeza, lakini wakili wa mnunuzi amekagua karatasi. Hili naliandika ingawa mimi ni mtu wa brashi, kwa sababu limeshaangusha kazi zangu nzuri kuliko chumvi.

Sababu ya kwanza Tanga ni jina la marehemu. Hati ni ya baba, baba alifariki, watoto wanauza kwa kukubaliana mezani. Lazima mahakama iwe imemthibitisha msimamizi wa mirathi, na huyo ndiye anayeuza kwa niaba ya warithi. Dada mmoja asiyeshirikishwa anatosha kusimamisha kila kitu, na ana haki.

Ya pili ni ridhaa ya mwenza. Chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, nyumba ya ndoa haiuzwi na mume au mke peke yake hata kama hati ina jina moja. Ya tatu ni madeni: kodi ya pango la ardhi iliyolala, au mkopo wa benki ambao hati yake ndiyo dhamana. Kodi ya majengo tangu 2021 inakatwa kupitia LUKU, kwa hiyo hiyo huwa haisumbui sana, isipokuwa nyumba iliyokaa bila kununuliwa umeme. Ya nne ni mpaka. Tafuta mawe ya mpaka kwenye kiwanja chako kabla mnunuzi hajayauliza, na ukikuta ukuta wa jirani umeingia, zungumzeni mapema.

Ya tano ni mpangaji ambaye hajaambiwa nyumba inauzwa. Yeye ndiye anayemfungulia mnunuzi mlango, naye anajua kila bati linalovuja. Mwambie mwenyewe, kwa heshima, na umpe muda wake kwa maandishi.

SIMAMA: Usipokee malipo ya awali wala kusaini karatasi ya dalali kabla wakili hajafanya upekuzi kwa Msajili wa Hati na kukuandikia mkataba. Hata kodi ya mauzo muulize yeye au TRA, mamlaka ya mapato, kabla hamjafunga bei, maana ikijulikana baadaye kila mmoja atasema ni ya mwenzake.